Tulipata Cheti, Tukakosa Kiriyo

Leo tunaandika jambo linalotuuma.

Sisi ni vijana wa Mutakura, kaskazini ya Bujumbura. Kule kwetu mtu alijulikana kwa watu wake: mtoto wa fulani, rafiki ya fulani, yule anayekaa mlango wa tatu. Usipoonekana siku mbili, jirani anakuja kugonga.

Mwaka 2015, mwezi wa nne, maandamano yakaanza na risasi zikawa zinalia ndani ya kartie. Tukakimbia. Tulifika Kagunga, kando ya ziwa Tanganyika, maelfu ya watu wamebanana ufukweni, kipindupindu kimeingia. Tunasubiri meli ya Liemba itupeleke Kigoma. Mama mmoja wa kartie yetu alikuwa na kitenge kimoja tu. Usiku alitufunika sisi, watoto wa wengine, yeye akakaa macho hadi asubuhi.

Tulipofika kambi ya Nyarugusu tukakua, tukamaliza sekondari, tukaanza kazi za kujitolea. Hapo tukapenda vyeti. Semina hii cheti, semina ile cheti, tunapiga picha tunaweka kwenye simu. Si vibaya. Kwa mkimbizi cheti kinaweza kufungua mlango.

Halafu yule mama akafariki. Ilikuwa siku ya mwisho ya semina, na asiyemaliza hapewi cheti. Tukaambiana: tutaenda kesho. Kesho yake tukakuta ameshazikwa. Waliokesha kwenye kiriyo ni majirani zake Wakongo, watu waliojuana naye kwa kuazimana chumvi. Kaburi walichimba wao. Binti yake alitupokea vizuri, akatutafutia viti. Ilituumiza kuliko kama angetutukana.

Juzi tulikuwa tunajaza fomu. Mahali pa ujuzi tuliandika mistari sita, haraka. Tukafika pale panapouliza: ukipatwa na shida, nani aarifiwe? Tukasimama na kalamu. Zamani tungemwandika yeye bila kufikiri.

Tangu siku hiyo tumepatana. Kukiwa na msiba, semina itangoja, hata kama cheti kitapotea. Kila Jumapili tunapita kwa binti yake, tunachota maji, tunakaa kidogo, tunaongea habari za Mutakura. Hatulipi deni, maana halilipiki. Tunataka tu asije akakaa siku mbili bila mtu kugonga.

Na nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mnapotuuliza tumefikia wapi, tunawaonyesha vyeti kwa sababu ndivyo mnavyoomba. Siku nyingine mtuulize pia watu wetu ni nani.

Na wewe kijana unayesoma hapa, leo usipoonekana, nani atakuja kugonga? Na wewe, mlango wa nani haujagonga siku nyingi?