Masazo ya Shamba

Kwetu Uchagani, Jumapili ya mavuno haikuishia kwenye baraka ya mchungaji. Ibada ikitoka, watu walijaa chini ya mringaringa mkubwa wa kanisani na mnada ukaanza. Mikungu ya mchare, magimbi, maharage, mayai kwenye kikapu, jogoo aliyefungwa miguu kwa kipande cha kanga. Mtu alinunua mkungu kwa bei ambayo sokoni asingeitoa, fedha ikaingia kwenye sadaka, kisha akasema mkungu wenyewe upelekwe kwa bibi fulani asiye na wa kumlimia. Sisi watoto ndio tuliotwishwa. Bibi akiupokea, alikata chana ya kwanza papo hapo, akatukabidhi turudi nayo nyumbani. Kupewa hakukumzuia kutoa.

Mwinjilisti aliyetufundisha kipaimara hakutenganisha maskini na ardhi. Alitusomesha Mambo ya Walawi sura ya 19, pale mwenye shamba anapokatazwa kuvuna mpaka pembezoni au kurudia kuokota masazo, kwa kuwa hayo ni haki ya maskini na mgeni. Ndiyo masazo aliyookota Ruthu katika shamba la Boazi. Kisha Kutoka sura ya 23: mwaka wa saba ardhi ipumzishwe, maskini wale kinachoota chenyewe, na watakachobakiza kiwe cha wanyama wa porini. Katika agizo hilo moja wamo udongo, fukara na mnyama.

Nasi tuliyaona kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani. Kahawa ikishachumwa, punje zilizobaki hazikuwa zetu tena. Mjane aliingia akachuma bila kubisha hodi. Majani ya migomba alipewa jirani mwenye ng'ombe na asiye na majani. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yalikwenda kwa zamu, na mjane alipata zamu yake hata kama hakuwa na kijana wa kumtuma siku ya kuzibua. Na kuni zilitoka nusu maili, ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wenyeji wa mlimani wapate kuni na majani bila kuugusa msitu wa juu.

Kilichotokea baadaye nakielewa, ingawa kinaniuma. Mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ulivunjika mwaka 1989, bei zikaanguka, wengi wakang'oa mibuni. Kihamba cha baba kikagawanywa kwa wana, na wana wakagawia wana wao. Ukibaki na kipande cha kutosha nyumba na migomba michache, pembezoni pa kumwachia mgeni panatoka wapi? Palipokuwa na masale ya mpaka sasa pana ukuta wa tofali. Simlaumu anayejenga ukuta.

Msitu nao uliumizwa kweli. Uchunguzi wa kutoka angani mwaka 2001 ulikuta mikamfa mingi mno ikikatwa kinyume cha sheria. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ukaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na ukanda wa nusu maili ukaingia humo pia. Miti ilihitaji ulinzi, sibishani na hilo. Lakini mikamfa haikuangushwa na bibi mwenye kamba ya kufungia kuni. Iliangushwa na wenye misumeno na magari ya kubebea mbao, na wao wakifungiwa mlango mmoja wana mwingine. Bibi alikuwa na huo mmoja.

Siku hizi mahubiri ya mazingira ni mazuri kuliko yale ya utoto wangu. Waraka wa Laudato Si' wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, unaosisitiza kwamba kilio cha dunia na cha maskini havitengani, unatajwa hata na sisi Walutheri. Watoto wa kipaimara wanapanda miti. Nafurahi kuona hivyo. Ila usharikani tuna kamati ya mazingira na kamati ya diakonia ya kuhudumia maskini, na hazikai meza moja. Kwenye kikao cha kwanza mama anayepika kwa kuni anatajwa kama mharibifu; kwenye cha pili, mama huyo huyo anatajwa kama mhitaji wa kilo mbili za sukari wakati wa Krismasi. Hakuna anayeuliza tangu azuiwe msituni anapikia nini.

Mringaringa wetu ulikatwa ili magari yapate pa kuegesha, na uwanja ukasakafiwa. Mnada bado upo, ila vitu ni vichache, na sadaka kubwa huja kwa bahasha yenye namba au kwa simu. Fedha hiyo inajenga, inalipa watumishi, siidharau. Lakini haimpeleki mtoto yeyote mpaka jikoni kwa mjane, akaona mafiga yake yamepoa.

Sadaka ya diakonia ingeweza kununua mitungi ya gesi kwa wajane wanaopakana na msitu, na kuijaza inapokwisha, kabla hatujaagiza miche mingine. Nimelisema hilo kwenye kikao cha mtaa. Waliniambia bajeti ya mwaka imeshapita, kwa hiyo nitalipeleka tena bajeti ijayo ikianza kuandikwa.