Kamera mpya kwenye bustani ya mama

Kama hujawahi kuamka Ugalla mwezi wa Juni, usinicheke nikikuambia nililala na soksi na sweta, na bado nikamwomba mama blanketi la pili. Watu wa Dar tunadhani baridi ni ya Njombe na Makete tu. Kumbe huku Katavi kiangazi kikishaingia, mchana jua linachoma, usiku meno yanagongana.

Nilikuja na treni ya Mpanda, ile inayochepukia Kaliua na kuvuka Mto Ugalla, kwenye reli iliyojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Ndani ya begi, nimeiviringishia kanga mbili, kulikuwa na kamera mpya. Bei yake sitaitaja, maana mume wangu naye analisoma jarida hili.

Niliinunua kwa sababu moja. Baba alipofariki, picha ya kuweka mbele ya jeneza tuliikata kwenye picha ya harusi ya watu. Ilipokuzwa ikawa na ukungu, na bega la mtu mwingine likaonekana pembeni. Mzee alifuga nyuki maisha yake yote, lakini hatuna picha yake hata moja akiwa na mizinga. Na pale alipokuwa akiitundika, tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Mizinga haitundikwi tena. Nikaapa kwamba kwa mama haitakuwa hivyo.

Basi asubuhi nikatoka. Huku jua linachelewa. Saa moja ndiyo kwanza linachungulia, na mwanga wake unakuja wa pembeni, laini, wa rangi ya asali. Mama alikuwa bustanini uani anamwagilia mchicha. Nikapiga. Nikaangalia kioo: mchicha unang'aa, anga safi, mama mweusi tii kama kivuli! Kosa langu. Jua lilikuwa mgongoni kwake, na kamera ikajipimia kwa mwanga wa anga. (Tena sisi wenye ngozi nyeusi tumeonewa siku nyingi, enzi za filamu, kadi za Kodak za kupimia rangi zilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu.) Dawa yake si ngumu. Mgeuze mtu, uso wake upokee mwanga, au bonyeza kile kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze kidogo.

Nikamfuata jikoni anakochemsha uji. Lenzi ikajaa mvuke papo hapo, kwa vile ilitoka kwenye baridi. Usiifute na kanga kama nilivyofanya mimi. Isubiri ipate joto, itakauka yenyewe.

Tuliporudi bustanini nikamwambia, "Mama, simama hapo kwenye mpapai, tulia, niangalie."

Akaweka ndoo chini.

"Unanipiga ya msibani?"

Jamani! Nilikosa pa kuuweka uso. Nikaanza kujiumauma, eti najaribu kamera tu. Mama hadanganyiki.

"Kama ni ya msibani, sema, nikavae kitenge kipya. Kama ni ya kwako, niache nimalize mchicha wangu."

"Ni ya kwangu, mama."

"Haya, piga."

Akaendelea na kazi yake. Nikampiga akiinama, akifukuza kuku, akinikaripia kwamba ninamkanyagia miche. Nyingi zimetikisika. Tatu ni nzuri sana.

Nikamwonyesha kwenye kioo. Akatazama kimya, kisha akaingia ndani na kurudi na daftari lake la kikoba. Katikati ya kurasa palikuwa na picha ileile ya baba.

"Hii nayo ipige, isije ikaliwa na mchwa."

Akaipakata juu ya magoti, kuelekea jua. Kabla sijabonyeza akasogeza kidole gumba, akalifunika lile bega la mtu.