DOGO WA MBINGA NA TAA SITA ZA KERIA: ALITAKA KUNG'AA, AKAISHIA GIZANI

Kuna dogo mmoja wa Mbinga mjini, jina kapuni, alikabidhiwa Land Cruiser mkonga ya baba yake mdogo baada ya msimu wa kahawa kwenda vizuri. Kazi ilikuwa moja: kushusha abiria na mizigo ziwani, Mbamba Bay mpaka Liuli, na kurudi na dagaa. Mkataba wa karatasi hakuna. Mzee alimwambia tu, "Hii ndiyo ada ya wadogo zako."

Sasa si mnajua vijana na ndinga! Dogo akaona mkoko haujakamilika bila taa za juu. Na kwenye vumbi la ziwani, mbuzi wanalala barabarani, hoja anayo. (Ila kwenye ukungu wa milima ya Umatengo usithubutu kuziwasha, mwanga wote unakurudia machoni.)

Akanunua sita za halojeni, wati 55 kila moja. Fundi umeme mmoja mtu mzima akamwambia aongeze rilei mbili, fyuzi mbili na waya mnene. Dogo akahisi anapigwa. Akachukua waya mwembamba, ule wa spika za redio, akautoa betri, akaupitisha swichi ya dashibodi, akaupandisha keria. Zikawaka! Picha ikaenda status, emoji za moto kibao. Moto wenyewe ulikuwa njiani.

Hesabu ni hii: taa sita mara 55 ni wati 330. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea 27.5. Huo mzigo wote unapita kwenye waya wa spika na kiswichi kidogo. Hapo unapika, huwashi.

Usiku huohuo, wametoka Mbamba Bay, harufu ya plastiki ikaanza. Mbele kakaa mama muuza dagaa, mtoto mgongoni. "Mwanangu, kuna kitu kinaungua." "Ni breki tu mama, usijali." Mara moshi chini ya usukani. Dogo akazima swichi, moshi ukazidi, maana waya ulishayeyuka ukagusa bodi, na betri inaendelea kusukuma. Hakuna fyuzi ya kuikata. Akafungua boneti, spana namba 10 haionekani. Akaushika waya kwa mkono mtupu akaung'oa. Ngozi ya kiganja ilibaki pale.

Moto ulizimika, lakini ulishakula waya za jirani. Gari zima giza, hata taa za kawaida hakuna. Mbali kule ziwani taa za wavuvi wa dagaa zinameremeta, kana kwamba zinamcheka. Alfajiri wavuvi wawili wakapita na tochi, wakachungulia. Mmoja akauliza, "Fyuzi iko wapi?" Kimya. "Sisi kwenye mtumbwi tu tunaweka."

Simu kwa mzee ndiyo ilikuwa ngumu kuliko moto.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mama na mtoto wazima?"

Gari hakuliuliza. Dogo alilia hapohapo.

Fundi yuleyule ndiye aliyerekebisha, na hela ilikatwa kwenye safari za dogo. Taa tatu rilei yake, tatu rilei yake, kila upande fyuzi ya ampea 20 imekaa kabisa jirani na betri, kwa sababu kipande cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Swichi ya ndani sasa inaamsha rilei tu, mzigo mzito haupiti dashibodi. Waya wa bodi umefungwa kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Akikutana na gari lingine anazima, siyo kuwapofusha wenzake.

Yule mama bado anapanda. Ila kwanza anazunguka mbele, anagonga boneti. "Fungua nione fyuzi." Dogo anafungua.