Orodha ya Shule za Wilaya

Nilianza kufundisha Hisabati mwaka 2007 kwenye shule ya kata mkoani Tanga. Madarasa yalikuwa manne, na maabara ilikuwa imeishia kwenye lenta. Watu waliziita shule zetu "yeboyebo", na vijana walioletwa kufundisha baada ya mafunzo ya wiki chache waliitwa "vodafasta". Majina hayo yaliniuma.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka tuliitwa kwenye kikao cha tathmini. Mwaka 2013, baada ya matokeo yaliyoitikisa nchi nzima, orodha ya wilaya ilisomwa kuanzia shule ya kwanza, na wakuu wa shule zilizoburuza mkia wakaamriwa kusimama. Mkuu wangu alisimama amekumbatia daftari kifuani, macho chini. Hakuna aliyeuliza watoto wetu walikuja na nini. Wenye alama za juu darasa la saba walishachukuliwa na shule za bweni na za vipaji maalumu; sisi tulipokea waliobaki, wengine wakitembea saa mbili kabla ya kipindi cha kwanza.

Usiku ule nilifungua kauntabuku nikaandika kila jina, alama za kuingilia na za kutokea. Kulikuwa na binti aliyekuja na 104 kati ya 250, hajui kugawanya kwa desimali. Alitoka na D ya Hisabati, na D ni kufaulu. Kwenye orodha ya wilaya D ile haikuonekana kabisa. Mimi niliipigia mstari mara mbili.

Baadaye divisheni zikaondolewa, ikaja GPA, divisheni zikarudi. Mwaka 2016 ada ikafutwa na madarasa yakafurika. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora. Wenzangu walishangilia, mimi nilifurahi nusu. Ni kweli orodha za namna hiyo zilituonea, lakini orodha ya wilaya ndiyo iliyotuletea mwalimu wa pili wa Hisabati, kwa kuwa tulikuwa wa mwisho na aibu ilikuwa ya wilaya nzima.

Vikao vya tathmini bado vipo. Mwaka jana niliomba jedwali la matokeo liongezwe safu ya alama za kuingilia. Halikuwa limechapwa hivyo, basi wakuu wa shule wakaanza kuijaza kwa kalamu pembeni, wakiulizana namba.