Mfuko Ulilala Wapi?

Nimemaliza Kidato cha Nne na ndoto yangu ni kuandika riwaya. Daftari zangu zimejaa hadithi. Hii siyo hadithi.

Kaka yangu amefungwa maisha. Alikamatwa uwanja wa ndege na mfuko uliodaiwa kuwa na heroini. Siku ya hukumu mama alianguka palepale mahakamani. Mtaani tukaitwa "wale wa unga". Hata kijiweni, washikaji wakiniona wanabadilisha mazungumzo.

Wakili aliwasilisha taarifa ya kukata rufaa ndani ya siku 30, kama kanuni zinavyotaka. Nakala ya mwenendo wa kesi ilipofika nyumbani, mama akanisukumia lile furushi la karatasi. "Si wewe ndiye mwandishi? Haya, soma."

Nilisoma siku tatu mchana na usiku, kamusi mkononi. Askari anasema alikamata mfuko Jumamosi. Mkemia anasema aliupokea Jumatatu. Jumapili je? Hakuna shahidi aliyesema ulilala wapi, wala karatasi ya makabidhiano. Halafu ripoti ya mkemia ilipokelewa kama kielelezo, lakini haikusomwa mbele ya kaka.

Nikamkimbilia wakili nikidhani nimevumbua kitu. Akacheka. Hayo yote alishayaandika kwenye sababu za rufaa. Akanifahamisha kwamba Mahakama ya Rufani, ikirejea kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003, hutaka nyaraka ikishapokelewa isomwe, ili mshtakiwa ajue anajibu nini. Isiposomwa, inaondolewa kwenye ushahidi. Na kesi ya Fatehali Manji ya 1966 inasema kesi isirudiwe ili tu upande wa mashtaka uzibe mapengo yake.

"Lakini usianze kushangilia, mdogo wangu," akasema. "Majaji wanaweza kuona maneno ya mashahidi yanatosha."

Wiki iliyofuata nilikwenda gerezani. Njia nzima nilikuwa nimepanga kumwuliza kaka swali moja: ulibeba kweli? Nilipomwona alivyokonda, neno likanikwama. Yeye ndiye aliyeanza.

"Dogo, ile Jumapili wameiona?"

"Wameiona, braza."

Akainama, akafuta macho kwa kiwiko.

Wapo wanaosema mtu akitoka kwa makosa ya kesi amepita dirishani. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Katika hadithi zangu mwizi akishakamatwa, hadithi imekwisha. Siku hizi naona tofauti. Unga umewamaliza vijana wengi wa mtaa wetu, na aliyebeba afungwe. Lakini kwanza ithibitishwe kwamba kilichopimwa Jumatatu ndicho kilichokamatwa Jumamosi. Leo ni kaka yangu, kesho anaweza kuwa wako, ambaye kweli hajabeba kitu.

Swali langu kwa kaka bado sijaliuliza. Rufaa inasubiri kupangiwa tarehe. Kila jioni nikirudi, kabla hata sijavua viatu, mama ananiuliza kama imetoka.