Mstari Niliousahau Kwenye Mkataba wa Babu

Najua nimekuwa kimya. Wengine mmeniuliza sehemu ya pili ya makala ya kuunganisha M-Pesa na tovuti iko wapi. Inakuja, msinichoke. Leo nina jambo jingine. Kompyuta imo, ila kuna ndege pia, na kuna kosa nililolifanya kwa vidole vyangu mwenyewe.

Kwa wageni: mimi ni mwandishi wa programu, naishi Timbwani, upande huu wa Likoni. Wateja wangu wengi wako mbali na tunajuana kwa barua pepe tu. Mwaka 2023 mmoja wao, wa kusini mwa Marekani, aliniomba nimtengenezee programu ya ramani ya simu. Yeye na wenzake huwinda bata mzinga wa mwituni. Nilicheka, maana bata mzinga ninayemjua mimi ni yule wa kufugwa anayewakimbiza watoto uani. Kumbe kwao yuko porini, na ana msimu wake wa kuwindwa: kuanzia mwisho wa Machi hadi mapema Mei, wakati madume wanapowaita majike alfajiri.

Shida yao ilikuwa hii. Ardhi wanayowindia si yao. Ni ya kampuni ya mbao, na wao hulipa kodi kila mwaka kwa ajili ya kuwinda tu. Miti ni ya kampuni, ikitaka kukata inakata. Kwa hiyo walitaka ramani inayoonyesha palipokatwa na lini.

Nilidhani jibu ni rahisi: mti ukikatwa, ndege anahama. Mteja akanisahihisha. Palipokatwa huota nyasi na vichaka, wadudu hujaa, na kwa miaka michache ya mwanzo bata mzinga jike hupata pa kuficha kiota na vifaranga hupata chakula. Baadaye pakifunga sana, ndege huyu anayetegemea macho yake hapapendi. Lakini usiku yeye hulala juu ya mti. Ukiimaliza miti mikubwa yote, jioni hana pa kupanda, na alfajiri mwindaji anasikiliza kimya kitupu. Tena mashine zikipita wakati wa kutaga, mayai yaliyo chini hukanyagwa.

Nilikuwa nachora tabaka hilo la ramani mkono uliposimama. Nikamkumbuka babu.

Babu yangu ana shamba la ekari 6 huko Matuga, ukishuka Kombani unatembea kidogo. Ujanani alikuwa mtegaji wa kanga. (Kanga wa mabawa, msije mkafikiri leso!) Alikuwa akinieleza tofauti zao. Kanga wa kawaida, mwenye pembe kichwani, hupenda mashamba na mbuga na hupiga kelele kama mlango wenye kutu. Kororo, mwenye kishungi cha manyoya, hukaa kwenye msitu na vichaka vizito. Wote wawili hutaga chini na hulala juu ya miti.

Uwindaji aliuacha zamani. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Kwa hiyo tusidanganyane, siku hizi hakuna msimu wa kuwinda kanga Matuga. Lakini masikio ya mwindaji hayastaafu. Mvua za mwaka zikianza, babu hutoa kiti nje kabla ya jua kutoka, akasikiliza. Anajua kundi limelala mti gani na limeshukia wapi.

Sasa kosa langu. Mwaka 2021 babu aliamua kukodisha shamba kwa miaka 3, kwa bwana mmoja mkulima wa matikitimaji. Akaniita: "Wewe ndiye msomi wa kompyuta, hebu tuandikie hayo makaratasi." Nikafanya wanavyofanya waandishi wengi wa programu. Nilitafuta kiolezo kwenye intaneti, nikanakili, nikabandika, nikabadilisha majina. Kiolezo chenyewe kilikuwa cha kukodisha NYUMBA. Kilikuwa na habari za rangi za kuta na funguo. Habari za miti hazikuwemo, na mimi sikuziongeza. Niliandika tu kwamba mpangaji "atatumia shamba lote apendavyo kwa kilimo".

Mwaka 2022 msumeno wa mashine ukalia siku mbili. Miti 9 ikaanguka: miembe 6, mikwaju 2, na mbambakofi mmoja ulioachwa na baba yake babu. Mpangaji alisema kivuli kinaharibu matikiti, na mbao zikapata mnunuzi upesi. Kumbukeni wakati ule marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya umma na ya jamii, iliyotangazwa Februari 2018, ilikuwa bado ipo. Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023. Marufuku ile haikugusa miti ya mashamba ya watu binafsi, kwa hiyo wanunuzi waliigeukia hiyo.

Babu hakupata hata senti. Ule mbambakofi ulikuwa akiba yake, alitaka siku moja utoe milango ya nyumba ya shangazi. Tulipoufungua mkataba ili tulalamike, tukakuta hakuna pa kulalamikia. Mpangaji alifuata kilichoandikwa, na aliyeandika ni mimi.

Babu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, hata sisi wategaji hatukukata mti wa kulalia kanga. Ukiukata, kesho utategea wapi?"

Kwa hiyo baada ya kazi ya yule Mmarekani nilitaka angalau nimwonyeshe babu uharibifu kwenye ramani. Nikafungua Global Forest Watch, tovuti inayotumia takwimu za Chuo Kikuu cha Maryland kutoka picha za setilaiti za Landsat. Nikavuta karibu hadi Matuga, nikachagua mwaka 2022. Shambani kwetu hakuna kitu! Kana kwamba hakuna mti ulioguswa.

Nikasoma maelezo. Kila kinukta cha ramani hiyo ni mita 30 kwa 30, na mti unaohesabiwa ni mmea wa zaidi ya mita 5. Ili kinukta kihesabiwe kimepoteza miti, lazima miti iliyomo iwe imeondoka kabisa au karibu yote. Fanya hesabu: shamba zima la babu ni kama vinukta 27. Miti 9 iliyotawanyika kati ya minazi haionekani, maana minazi imebaki na inahesabiwa kama miti. Nilipomweleza babu, akauliza, "Na kanga atalala wapi juu ya mnazi? Una tawi?"

Nililala huko alfajiri kadhaa za mvua za mwaka 2024 nikirekodi sauti kwa simu. Kanga hawajatoweka. Mchana huja kula wadudu na mbegu kwenye nyasi zilizoota palipokatwa, kama alivyosema yule mteja wangu. Lakini alfajiri mlio ulitoka mbali, kwa jirani, kwenye miembe yake. Jirani naye anataka kukodisha.

Mkataba wa kwanza ulipoisha mwaka huo, niliandika mwingine, safari hii bila kiolezo. Nilizunguka na babu, tukaupiga picha kila mti uliobaki, tukachukua GPS yake na kuutia namba ya rangi. Orodha imo ndani ya mkataba. Mti ulioorodheshwa haukatwi bila sahihi ya babu, ukikatwa mbao ni zake, na wakati wa mvua za mwaka vichaka vya mpakani haviguswi kwa ajili ya viota. Mpangaji alinung'unika, akataka kodi ipunguzwe. Babu akapunguza. Mimi niliona uchungu zile pesa, yeye hapana. Tumepanda pia miche ya mikwaju, ingawa babu anajua hatauona ukiwa wa kulalia ndege.

Mteja wangu naye nilimwongezea tabaka bila malipo: miti ya kulalia, namba kwa namba, ili waombe kampuni iiache.

Kama mzee wako anakodisha shamba, msaidie kuandika miti kabla ya msumeno kufika. Jedwali langu la kuorodhesha ni rahisi sana, anayelitaka aniandikie nimtumie bure. Na jirani yetu tayari nimeshampelekea lake, nasubiri jibu.

Sehemu ya pili ya M-Pesa ni wiki ijayo, inshallah. Kwaherini kwa leo.