Kwenda Lubumbashi Kumtunza Mzazi

Binti akiolewa kijiji cha jirani, mama yake hubeba kuku na unga akaenda kumtunza mzazi bila kumwomba mtu ruhusa. Akiolewa Lubumbashi, mambo ni mengine. Kutoka Tanzania kwa barabara utavuka mipaka miwili, wa Zambia na wa Kongo, na kila mpaka una afisa ambaye hakujui wewe wala mjukuu wako. Yeye anataka kuona karatasi. Kwa hiyo, mama mpendwa, kabla hujanunua kanga za mtoto, anza na karatasi.

Kwanza hakikisha unazungumzia Kongo ipi. Zipo mbili, na kila moja ina balozi zake. Lubumbashi iko katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ile iliyoitwa Zaire hadi mwaka 1997, ambayo mji wake mkuu ni Kinshasa. Ile nyingine, ya Brazzaville, haihusiki na safari hii.

Nchi hii ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu hapo wapo wanaodhani kwamba mtu anaweza kujiendea tu. Sivyo. Mambo ya viza hufuata makubaliano ya nchi na nchi, na makubaliano hubadilika. Anayejua sharti la mwezi huu ni ubalozi wa Kongo uliopo Dar es Salaam. Jirani aliyesafiri mwaka juzi hajui. Nenda mwenyewe, au mtume kijana wako akaulize mambo matatu: kama pasi yako inahitaji viza, kama unahitaji barua ya mwenyeji, na utaruhusiwa kukaa siku ngapi.

Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linalomhusu sana mama anayekwenda kwa ajili ya uzazi. Viza ya Kongo hutolewa kwa muda, mara nyingi mwezi mmoja, miwili au mitatu. Mwezi una siku 30. Arobaini ya mzazi, kama jina lake, ni siku 40, na mtoto wa kwanza hana desturi ya kuzaliwa siku iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ukiomba mwezi mmoja na kufika wiki mbili kabla ya uchungu, utalazimika kuondoka wakati binti hajapata nguvu hata ya kuchota maji. Omba muda unaotosha tangu mwanzo.

Barua ya mwenyeji huko huitwa kwa Kifaransa prise en charge. Anayeiandika ni mkweo au mtu mwingine anayeishi Kongo kihalali, akikubali kukupokea na kubeba gharama zako, nayo huthibitishwa na ofisi za serikali za huko. Mwambie mkweo aanze mapema. Barua ya mchungaji itakusaidia kupokelewa vizuri kanisani siku ya Jumapili, lakini mpakani haina kazi.

Karatasi nyingine ni kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kongo huidai kwa kila mgeni. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, basi usichome jioni ya kuamkia safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Ukiambiwa mpakani kwamba kimekwisha muda, eleza hivyo kwa upole. Mama mwenye umri mkubwa au maradhi ya kudumu aonane na daktari kwanza, kwa sababu chanjo hii haimfai kila mtu.

Kama unamchukua mtoto mdogo wa nyumbani ili akusaidie kazi, naye anahitaji pasi yake mwenyewe, cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya wazazi wake. Mtoto asiyekuwa wako, anayevushwa mipaka miwili bila barua, atawafanya maafisa wakushuku, na kusema kweli wana haki ya kushuku.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Unavuka kuingia Nakonde, ambapo Mtanzania haombi viza, kisha unapita Zambia hadi miji ya shaba, na mwisho Kasumbalesa, mpaka wa Kongo. Hapo utakuta malori yamepanga mstari mrefu, maana shaba na kobalti ya Katanga hupita hapo kwenda bandarini. Wapo pia vijana wengi watakaojitolea kukushikia pasi na kukimbizia mihuri. Pasi usiiachie. Toka hapo hadi Lubumbashi ni kama kilomita 90. Rudisha saa nyuma kwa saa moja tangu ukiwa Zambia. Na ukishaingia Kongo, magari hupita upande wa kulia. Angalia kushoto kwanza kabla ya kuvuka barabara, hasa ukiwa na mtoto mkononi.

Fedha ni faranga za Kongo, ila dola ya Marekani hupokelewa sana. Noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa, basi chagua safi tangu nyumbani. Picha za mipaka, viwanja vya ndege, madaraja na majengo ya serikali usipige. Ukienda Juni au Julai beba sweta. Mji uko juu, na usiku wa kiangazi huwa na baridi.

Wengine watakutisha kwa habari za vita. Ni kweli kwamba Goma ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Lakini Kongo ni karibu mara mbili na nusu ya Tanzania, na Lubumbashi iko kusini kabisa, mbali na Kivu. Ubalozini uliza habari za mji unaokwenda na njia utakayopita.

Ukifika utafurahi kwamba Kiswahili kipo, ingawa si hiki chetu. Ugali ni bukari, mchicha ni lengalenga, kisamvu ni sombe, kitenge ni kikwembe, na utashukuriwa kwa aksanti mingi. Lakini saa na bei mara nyingi hutajwa kwa Kifaransa, na karatasi za hospitali na serikali ni za Kifaransa. Usitie sahihi usichokielewa.

Na ukipatwa na shida? Tanzania ina ubalozi Kinshasa, lakini Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Lubumbashi. Kwa bahati nzuri ipo pia ofisi ya konseli mkuu Lubumbashi kwenyewe. Ukipoteza pasi, hapo ndipo pa kuombea hati ya dharura ya kurudi nyumbani. Ukikamatwa, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unakupa haki ya kuomba ofisi hiyo ijulishwe. Itamke haki hiyo kwa sauti ya kawaida, bila ugomvi. Konseli hatakulipia faini wala hatakutoa rumande kwa amri yake, lakini anaweza kuja kukuona na kuwajulisha watu wa nyumbani.

Limebaki jambo la mtoto. Sheria ya Kongo inataka kuzaliwa kwake kuandikishwe ndani ya siku 90, na katika muda huo kuandikisha ni bure. Zikipita, mambo huenda mahakamani. Karatasi ya hospitali si cheti. Cheti chenyewe huitwa acte de naissance, na hutolewa na ofisi ya usajili ya wilaya ya mji wanakoishi. Bila hicho, mjukuu hapati pasi wala hawezi kuletwa kuonyeshwa babu yake. Baba akiwa mtu wa migodini mwenye zamu, na mama bado yuko kitandani, siku 90 hupita kama mchezo. Wewe ndiwe mwenye nafasi. Mkumbushe mkweo mapema, andamaneni hadi ofisini, na msome pamoja tahajia ya majina yote matatu kabla karani hajagonga muhuri.